Kutoka Duka la Daftari hadi Duka la Kujihudumia: Historia ya Majina ya Maduka ya Bei Nafuu katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1. Utangulizi

Mkazi wa Wamagana, katika sehemu ya Tetu, anayetaka robo kilo ya sukari haendi mbali. Hulipata dukani hapo hapo sokoni, na kama hana fedha siku hiyo, mwenye duka humwandikia. Lakini anapopokea malipo ya mwaka ya majani ya chai, mkazi huyo huyo hupanda gari akaenda Nyeri mjini, akaingia katika duka kubwa la kujihudumia, akajaza kikapu mwenyewe, akalipa taslimu mlangoni na kutoka bila ya kuulizwa habari za nyumbani. Bei aliyolipa huenda ikawa ndogo kuliko ya Wamagana. Akirudi baada ya miaka michache hukuta jengo ni lile lile na rafu ni zile zile, ila jina lililo juu ya mlango ni jingine.

Makala hii inakusudia kueleza historia ya maduka ya namna hiyo katika Nyeri na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, na hasa kuchunguza jinsi yalivyopewa majina na jinsi majina hayo yalivyobadilishwa. Msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na mambo ya biashara. Jibu letu ni kwamba jina la duka ni neno kama maneno mengine: lina mzizi, hukopwa, hufupishwa, na mwishowe hufa. Lakini lina jambo moja ambalo maneno mengine hayana, nalo ni madeni. Neno la kawaida likiachwa kutumika, hasara ni ya kamusi. Jina la duka likiachwa kutumika, kuna watu ambao hawajalipwa.

2. Duka na daftari

Neno duka lenyewe ni la safari ndefu. Asili yake ni dukkan la Kiarabu, ambalo limeenea pia katika lugha za Bara Hindi, na kutoka pwani likapanda bara pamoja na wenye maduka. Wagikuyu wakalipokea wakaliita nduka. Neno soko nalo likapokewa kwa sura ya thoko, ingawa Kigikuyu kilikuwa tayari na neno lake, ndũnyũ, kwa maana biashara ya soko ilikuwapo katika nchi hiyo kabla ya mgeni yeyote kufika. Kilichokuwa kigeni ni nyumba ya kuuzia, yaani mahali ambapo bidhaa hukaa zikimngoja mnunuzi kila siku. Si ajabu basi kwamba neno la nyumba hiyo lilikopwa, wakati neno la soko lilibaki na mwenzake wa asili.

Maduka yenye matawi hayakuanza jana. Allidina Visram, aliyekuja Zanzibar kutoka Kutch angali kijana na kuanza kazi Bagamoyo, alieneza matawi yake katika miji mingi ya Kenya na Uganda kwa kuifuata reli, na mara nyingine kwa kuitangulia. Alipofariki mwaka 1916 biashara hiyo haikudumu miaka mingi. Jina lake leo halisomwi juu ya duka lolote, bali linasomwa juu ya shule ya sekondari iliyoko Mombasa. Hapa tunapata funzo la kwanza la historia hii, kwamba jina la mfanyabiashara huweza kuishi baada ya biashara kufa, nayo biashara huweza kuishi baada ya jina kufa.

Nyeri ilianzishwa na Waingereza kama kituo cha kijeshi mwaka 1902, na wafanyabiashara Wahindi hawakukawia kufika. Mmoja wa wale wa kwanza, Osman Allu, anakumbukwa katika historia ya mji huo. Duka la wakati ule lilikuwa na meza iliyomtenga mnunuzi na bidhaa. Mnunuzi alisimama upande mmoja akataja akitakacho. Mwenye duka akakishusha, akakipima, akataja bei, na mazungumzo yakaanza. Bei ilikuwa jambo la kusemezana. Kila manunuzi yalihitaji lugha, na kwa kuwa Mhindi na Mgikuyu hawakuwa na lugha moja, Kiswahili ndicho kilichosimama katikati ya meza. Maneno bei, rahisi, ghali, faida, hasara, jumla na rejareja yaliingia bara kwa njia hiyo, yakifuatana na chumvi na vitambaa.

Pamoja na meza kulikuwa na daftari. Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye maduka waliitii methali hiyo kikamilifu. Daftari lilikuwa chombo cha kukumbuka deni, lakini pia lilikuwa kifungo cha ujirani, maana mtu hamkopeshi asiyemjua. Reli ilipofika sehemu za Nyeri katika miaka ya 1920 na kuendelea hadi Nanyuki, idadi ya maduka iliongezeka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kiwanda cha kukausha mboga kilijengwa Karatina ili kulisha majeshi, na wakulima wa huko wakaonja ladha ya kumuuzia mnunuzi mmoja mkubwa. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, na mboga zikabaki mashambani. Funzo hili la pili tutalirudia.

Kisha ikaja Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 watu wa Nyeri walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi, na nyendo zao zikawekewa mipaka. Katika hali hiyo kibali cha kuuza dukani hakikuwa karatasi ya biashara tu. Kilikuwa pia alama ya kuaminiwa na serikali. Baadhi ya uchungu wa siku hizo ulibaki katika masoko madogo hata baada ya uhuru, na ye yote asomaye historia ya maduka ya Tetu hana budi kuukumbuka.

3. Uhuru na jina lenye ahadi

Baada ya mwaka 1963 serikali ya Kenya ilitaka biashara ya rejareja iingie mikononi mwa wananchi. Shirika la Biashara la Taifa liliundwa mwaka 1965 ili kugawa bidhaa muhimu, na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ikawazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara katika sehemu fulani. Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Kiingereza waliondoka mwaka 1968. Maduka mengi ya miji midogo yalipata wenyewe wapya, na majina ya mbao yakapakwa rangi upya. Huo ndio ulikuwa ubadilishaji mkubwa wa kwanza wa majina ya maduka, ingawa haukuitwa hivyo.

Mwaka 1975 mashirika ya serikali yalishirikiana kuanzisha kampuni ya maduka ya kujihudumia, ikaitwa Uchumi. Makusudi yake yalikuwa mawili: kuwapatia wananchi bidhaa za lazima kwa bei ya haki, na kuvipatia viwanda vya nchini mahali pa kuuzia. Katika miaka ya kwanza uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Standa ya Italia.

Hebu tulitazame jina hilo. Uchumi latokana na kitenzi chuma, ambacho maana yake ya kwanza ni kutoa tunda au jani katika mti, na maana yake ya pili ni kupata faida. Kwa mtu wa Nyeri maana hizo mbili hazijaachana hata leo: mama anayechuma majani ya chai kwa ajili ya kiwanda cha Gathuthi anachuma kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja. Hapajawahi kuwa na jina la duka lililofaa zaidi kwa nchi ya wachumaji. Lilikuwa jina lenye ahadi, na kila mwenye kulisikia alijua ahadi yenyewe.

Lakini ahadi na hesabu ni vitu viwili. Uchumi iliingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 1992, na udhibiti wa bei ulipoondolewa katika miaka hiyo ya 1990 kila duka likawa huru kupigana kwa bei. Kampuni ilipanua matawi haraka kuliko uwezo wake. Mwanzoni mwa Juni 2006 ilifunga milango. Ikafufuliwa mwaka huo huo chini ya mrasimu, ikarudi katika soko la hisa mwaka 2011, kisha ikaanza kudhoofika tena na kufunga matawi. Waliosikitika zaidi hawakuwa wanunuzi, maana mnunuzi huvuka barabara tu. Waliosikitika ni wale waliopeleka mali na kupewa karatasi.

4. Kujihudumia, na majina yaliyozaliwa Bonde la Ufa

Mtindo wa mnunuzi kujichukulia bidhaa ulianzia Memphis, Marekani, mwaka 1916, katika duka la Clarence Saunders lililoitwa Piggly Wiggly. Siri ya mtindo huo ni nyepesi: kazi ya mtumishi wa meza hufanywa na mnunuzi mwenyewe bila ya mshahara, na akiba inayopatikana huonekana kama bei nafuu. Huko Ujerumani ndugu wawili wa ukoo wa Albrecht waliufikisha mtindo huo mwisho wake kwa kuuza bidhaa chache, bila mapambo, kwa bei ya chini kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maduka yao yakaanza kuitwa Aldi, yaani silabi ya kwanza ya jina la ukoo ikiunganishwa na silabi ya kwanza ya neno la Kijerumani lenye maana ya punguzo la bei.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu njia iyo hiyo ya kuunda maneno ilitumika Kenya. Nakuru palikuwa na duka la familia ya Shah lililouza magodoro. Jina la mji na neno la Kiingereza lenye maana ya magodoro yalikatwa yakaunganishwa, ikapatikana Nakumatt. Duka la Joram Kamau, lililotoka upande huo huo wa Nakuru, nalo lilibeba neno la magodoro katika jina lake la kampuni, Tusker Mattresses, mpaka lilipopunguzwa likawa Tuskys. Peter Mukuha Kago alifungua Rongai, mwaka 1990, duka lililoitwa kwa jina la mahali hapo pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kujihudumia. Lilipohamia Naivasha likachukua jina la Naivasha, na jina hilo lilipoonekana refu likakatwa mkia, ikabaki Naivas.

Naivasha yenyewe ni neno lililokatwa. Wazungu walishindwa kutamka neno la Kimasai nai’posha, maana yake maji yenye kuchafuka kwa mawimbi, wakaliandika kwa jinsi walivyolisikia. Kwa hiyo mkulima wa Tetu anayeingia Naivas mjini Nyeri anatamka, bila ya kujua, kipande cha neno la Kimasai lililopotoshwa na Mwingereza na kufupishwa na Mgikuyu ili limpendeze mnunuzi.

Katika Nyeri yenyewe majina yalikuwa ya namna nyingine. Palikuwa na Samrat, neno la Bara Hindi lenye maana ya mfalme mkuu, na palikuwa na Mathai, ambalo ni jina la mtu. Kutoka Murang’a likaja Maguna Andu, jina la Kigikuyu safi: kũguna ni kufaa au kunufaisha, na andũ ni watu, basi maana yake ni yenye kuwafaa watu. Lilianza kama duka la jumla, na lilipogeuka kuwa duka la kujihudumia na kuongeza matawi likaacha neno la pili na kutiwa herufi ya Kiingereza ya umilikaji, ikawa Magunas. Tuseme wazi kilichotokea katika sarufi: kitenzi kimebaki, lakini watu wameondolewa.

5. Njia tatu za kubadili jina

Tukikusanya mifano yetu tunaweza kuigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kufupishwa. Hapa mwenye duka ni yule yule, ila amekua na anataka jina litakalosomeka upesi na mtu aliye ndani ya gari. Naivas, Tuskys na Magunas ni wa fungu hili. Kinachopotea ni maana, na mara nyingi pia kumbukumbu ya mahali.

Fungu la pili ni kufunikwa. Hapa duka limenunuliwa, na jina la mnunuzi linawekwa juu ya la zamani. Ukwala, duka lililobeba jina la mji mdogo wa Ugenya, lilinunuliwa katikati ya miaka ya 2010 na kampuni ya Choppies ya Botswana. Jina la Ugenya likafunikwa, na baada ya miaka michache Choppies yenyewe ikaondoka Kenya. Mwaka 2019 maduka ya Tumaini yaliunganishwa na ya Quickmart chini ya mfuko mmoja wa uwekezaji, na jina lililobaki likawa la Kiingereza lenye kusifu haraka. Hatusemi kwamba wenye mali walikosea. Huenda jina hilo linavuta wanunuzi zaidi. Lakini mwanafunzi wa lugha hawezi kukosa kuona kwamba neno tumaini limetoka juu ya mlango.

Fungu la tatu ni kuzikwa. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya sitini katika nchi nne za Afrika Mashariki, na ambayo ilikuwa imefika Nanyuki na Meru, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018 ikiwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 30. Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe, na matawi yake sita ya mwisho yakanunuliwa na Naivas. Tuskys ikafuata njia hiyo katika miaka ya 2020 na 2021. Naivas nayo haikubaki ya ukoo peke yake: mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius pamoja na washirika wake ilinunua asilimia 40 ya hisa.

Kuna jambo dogo la sarufi linaloambatana na mabadiliko haya. Katika Kiswahili, na katika Kigikuyu pia, mtu aendaye kwenye duka la mwenziwe husema anakwenda kwa fulani. Neno kwa laonyesha kwamba mahali pale pana mwenyewe. Lakini hakuna asemaye anakwenda kwa Naivas. Husema anakwenda Naivas, kama vile asemavyo anakwenda Nanyuki. Jina limeacha kuwa la mtu, likawa la mahali. Lugha imetambua kabla ya wanasheria kwamba pale hakuna mtu wa kuulizwa.

6. Nani aliyelipia bei nafuu?

Sasa turudi kwenye funzo la kiwanda cha Karatina. Bei nafuu ya duka la kujihudumia ina vyanzo kadhaa vya haki: kununua kwa wingi, kuokoa mishahara ya watumishi wa meza, na mauzo ya haraka. Lakini ina chanzo kingine kisichotajwa katika matangazo, nacho ni mkopo wa yule aletaye bidhaa. Maziwa, mayai na mboga huuzwa kwa siku chache, na duka hupokea taslimu. Aliyezileta hungoja mwezi, miezi miwili, mitatu au zaidi. Kwa muda huo wote duka linaendeshwa kwa fedha zake, na kwa fedha hizo tawi jipya hufunguliwa katika mji mwingine. Matawi yakiongezeka haraka kuliko mauzo, anayeanguka wa kwanza ni yule aliye mbali zaidi na sanduku la fedha.

Tuone ajabu ya jambo hili. Katika duka la Wamagana, tajiri kwa kiasi chake humkopesha maskini, na daftari liko mezani ambapo wote wawili wanaliona. Katika duka kubwa, mdogo humkopesha mkubwa, na daftari hakuna alionaye. Duka la kwanza husemwa kuwa ni la ghali, la pili kuwa ni la rahisi. Lakini mkulima aliyepeleka kabichi na hakulipwa, kisha akaingia mlango wa mbele kununua sukari iliyopunguzwa shilingi tano, amelipia punguzo hilo mwenyewe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa harusi ni ya mmoja na matanga ni ya mwingine.

Bunge la Kenya halikulifumbia macho jambo hili. Sheria ya Ushindani ilirekebishwa mwaka 2016 ili kukataza mnunuzi mkubwa kutumia vibaya nguvu zake juu ya muuzaji mdogo, na ikaongezwa makali mwaka 2019. Marekebisho hayo yalikuja baada ya wengi kuumia, lakini yalikuja. Kazi iliyobaki ni kumfanya mkulima ajue kwamba sheria ipo, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya lugha: sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza haiwezi kumlinda asiyeisoma.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya maduka ya Nyeri na miji ya Mlima Kenya yamepita hatua nne: jina la mtu, jina la mahali, jina lenye ahadi, na mwishowe jina lililokatwa hadi likakosa maana. Isidhaniwe kwamba tunayalilia maduka ya zamani. Duka la meza lilikuwa na dhuluma zake. Mizani iliweza kuegemea upande, na bei ya mnyonge haikuwa sawa na bei ya mwerevu. Duka la kujihudumia lilileta bei iliyoandikwa, ambayo ni moja kwa chifu na kwa mchunga mbuzi, na jambo hilo ni heshima isiyo ndogo.

Tunalosema ni hili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na jina jipya ni namna mojawapo ya kujitembeza. Mnunuzi akiona jina limebadilika, asiulize tu kama bei imepungua. Aulize pia kama waliouzia jina la zamani wamelipwa. Nao wachunguzi wa lugha wasiyapuuze majina haya kwa kuwa ni ya biashara. Wakati ungalipo, na wazee waliokopeshwa kwa Kiswahili kwenye meza za Nyeri, Karatina na Nanyuki wangali hai, ingefaa majina ya maduka yale yakusanywe pamoja na madaftari yake. Mbao za majina hupakwa rangi upya kila mara, ila daftari, likitunzwa, halipakwi rangi.